Ukuta wa Kiti cha Katikati

Nyinyi mnaoanza kazi ya kukata tiketi, sijui kama nina cha kuwafundisha. Shule niliishia darasa la nne, na Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma majina ya miji tu. Tangu usichana naandika daftari la kila siku, lakini humo mna mvua, bei ya mchele na nani kajifungua. Hamna elimu. Aliyenisukuma ni binti wa mdogo wangu, anayefanya kazi hii hii Mwanza. "Mama mkubwa," kaniambia, "wateja wetu wana pointi za ndege tele, na wanazimaliza kwa safari za ovyo. Waandikie vijana yale ya kina Kulwa." Basi naandika. Nikikosea mahali, makosa ni yangu, msiwalaumu walionifundisha.

Duka la Bwana Amirali lilikuwa Shinyanga mjini, si mbali na stesheni. Mbele tuliuza vitenge, vipuri vya baiskeli na taa za chemli. Kwenye kona, chini ya picha ya ndege iliyopauka kwa jua, palikuwa na meza yangu, na hapo tuliuza tiketi za kampuni moja ya ndege ya nje. Jina lake naliacha, maana yapo niliyoyasahau na sitaki kuisingizia. Nilianza kwa kufagia, nikapandishwa kupima vitambaa. Siku karani wa tiketi alipohamia Tabora, Bwana Amirali alinitazama akasema, "Milembe, mwandiko wako unasomeka. Kaa pale." Usaili wangu ulikuwa huo.

Ilikuwa ile miaka ya sabini mwishoni kuingia themanini, sabuni inapangiwa foleni. Wateja wetu wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi wanaokwenda Bombay kuoza watoto, na mahujaji, na mara moja moja mchimbaji kutoka Geita aliyeshika dhahabu akataka aone Nairobi kabla fedha haijamtoroka. Huyo wa mwisho tulimkatia tiketi haraka.

Sasa pointi. Msidhani ni jambo la jana. Kila tiketi tuliyouza, kampuni ililiandikia duka pointi. Abiria wa mbali alileta pointi nyingi, wa karibu chache. Zikijaa, duka linapewa tiketi ya zawadi. Ndivyo tulivyoelewa, na kwa muda mrefu tulidhani hakuna zaidi ya hapo.

Aliyezila pointi zetu za kwanza ni Bwana Nuru, shemeji yake Bwana Amirali. Alizitumia kwenda Dar kutoka Mwanza, wiki ya Idi, wakati kila mtu anasafiri na kampuni imepandisha pointi karibu mara mbili. Alirudi anatamba dukani.

"Bure kabisa! Nimeruka bure, nimekunywa na soda!"

Tukampongeza. Miezi michache baadaye tukaambiwa na ofisi ya kampuni ya Mwanza kwamba pointi zile zile, katika mwezi usio na watu, zingemfikisha karibu na Bombay. Bwana Amirali alishika kichwa. "Milembe, huyu mtu amechinja ng'ombe wangu kwa ajili ya supu ya kikombe kimoja."

Lazima niwe wa haki kwa Bwana Nuru. Hakuwa mjinga. Alifanya alichofanya kila mtu, na hata mimi niliyemwandikia tiketi nilimwambia hongera. Lakini tangu hapo mteja akinijia na furaha ya bure, nilimuuliza: bila pointi hizi, huko ungefikaje? Dar kuna treni. Unapanda jioni stesheni ya Shinyanga, unafika umechoka lakini unafika. Bombay treni haiendi. Peleka pointi kule ambako huna njia nyingine.

La pili nilifundishwa na Bwana Deusi wa ofisi ya Mwanza. Huyu nilimjua kwa sauti tu, kwenye simu ya posta, sauti yenye kikohozi katikati. Aliniuliza kwa nini duka letu linalundika pointi.

"Tunaweka akiba, Bwana Deusi."

"Akiba gani? Pointi ni maziwa, Milembe, si mtama. Ukiweka ghalani zinaganda."

Kumbe zina tarehe ya kufa. Nikashtuka, nikataka kumpakia mtu yeyote kwenye ndege yoyote kesho yake. Bwana Deusi akakohoa, akacheka. "Tulia. Kinachoangaliwa ni siku tiketi inapoandikwa. Siku ya kupanda ni nyingine. Andika leo, waruke baadaye." Neno hilo limeokoa watu wengi, na si langu, ni lake.

La tatu ni kanda. Kampuni haikuhesabu maili za safari ya zawadi. Iligawa dunia vipande, ikaviita kanda, na Afrika Mashariki yote ilikuwa kanda moja. Maana yake, kutoka Dar hadi Bombay na kutoka Mwanza hadi Bombay ni pointi zile zile, mradi iandikwe tiketi moja tangu mwanzo. Watu walikuwa wakilipa kipande cha Mwanza na Dar mfukoni, halafu wanaanza zawadi yao Dar. Nikawa nawaambia: anza mlangoni kwako.

Na la nne si la pointi. Ni majina. Karani aliyenitangulia alimwandikia mzee mmoja wa Kahama tiketi kwa jina "Baba Saidi", kwa sababu ndivyo mzee alivyojitaja na ndivyo mji mzima ulivyomwita. Uwanjani pasipoti ikatoka na jina ambalo hata mkewe hakuwahi kulitumia. Mzee akarudi Kahama na masanduku yake. Ndiyo maana mimi niliuliza jina la kwenye pasipoti hata kwa watu niliocheza nao utotoni, nao wakaniona nina maringo.

Basi pointi za safari ya pili zilipokaribia kujaa, Bwana Amirali aliniita mbele ya mama yake.

"Milembe, umeuza ndege miaka yote hii. Umewahi kupanda?"

"Sijawahi, bwana."

"Hizi zikijaa ni zako. Utakwenda unakotaka."

Sikulala kwa raha wiki nzima. Unajua nilitaka nini? Sikutaka mji wowote. Nilitaka dirisha. Kila mteja nilimwambia aombe kiti cha dirishani, kwa kuwa hakina pointi ya ziada, na kila aliyerudi nilimuuliza aliona nini. Mimi ni mzaliwa wa Geita, Kalangalala, baba yangu alikuwa kibarua wa mgodi. Nilitaka nilione ziwa lote kwa mpigo, na vilima vya kwetu vikiwa vidogo.

Wakati huo ndipo Masunga alipoingia dukani.

Masunga alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mtu mrefu, mpole, mwenye nyuzi za pamba kwenye nyusi hata Jumapili. Mkewe, Kabula, alikuwa muuguzi, na mwajiri wake alimpeleka Bombay kwa mafunzo ya uuguzi wa macho. Aliondoka na mimba changa asijue. Kule kule akajifungua.

"Mapacha," Masunga alisema, na hapo hapo akatabasamu na machozi yakamlengalenga. "Kulwa na Doto. Chuo kinasema mwanafunzi hawezi kulala na watoto wawili bwenini. Ama nikawachukue, ama Kabula aache masomo arudi nao. Amebakiza mwaka mmoja, dada Milembe."

"Kawachukue."

"Kwa ndege gani? Benki wanasema fedha za kigeni hakuna. Hata nikiuza nyumba, shilingi hazinunui tiketi ile."

Ni kweli, ndivyo ilivyokuwa siku hizo. Ungeweza kuwa na gunia la shilingi, ukarudi nalo nyumbani.

Nyuma ya kaunta, kwenye kiti chake cha mto, alikuwa Bibi Shirin, mama yake Bwana Amirali. Tulidhani anasinzia. "Kabula yupi?" akauliza. "Yule wa hospitali? Aliyenigeuza kitandani nilipovunjika nyonga, akiniimbia nyimbo zenu za kulima?"

"Huyo huyo, Bibi."

"Amirali! Pointi ziko wapi?"

Bwana Amirali akanitazama mimi. "Mama, pointi nimekwishampa Milembe."

Sitaki mnisifu kwa kitu ambacho sikukifanya vizuri. Sikusema chukueni. Nilisema nitafikiri, nikanuna siku mbili, nikauza vitenge bila kumtazama mtu. Siku ya tatu niliona nyuzi za pamba zilizobaki mezani kwangu pale Masunga alipoegemea, nikapiga simu Mwanza.

Hesabu haikuwa nzuri. Mtoto wa kupakata hadaiwi pointi, lakini mtu mzima mmoja anapakata mtoto mmoja. Watoto wawili, basi watu wazima wawili. Chuo kilitaka baba awapokee mwenyewe kwa mkono wake. Mama yake Masunga alishafariki, na atakayewalea mpaka Kabula arudi ni bibi yao mzaa mama, Mama Kabula wa Runzewe. Kwa hiyo ni Masunga na Mama Kabula. Na pointi zetu zilitosha mtu mmoja na kitu kidogo.

"Bwana Deusi, nisaidie. Nikate wapi?"

"Wanakwenda lini?"

"Wakati wowote."

"Basi usiwapeleke msimu wa harusi. Wapeleke kule kukiwa na mvua zao kubwa, ndege ziko tupu, pointi zinashuka. Tena siku ya katikati ya wiki. Na hao wawili ni ndugu?"

"Mtu na mama mkwe wake."

"Familia! Basi wa pili anaingia kama mwenzi, kwa nusu ya pointi. Sharti ni moja, wasafiri pamoja, kwenda na kurudi."

Niliruka pale posta mpaka aliyekuwa foleni nyuma yangu akaniuliza kama nimefiwa. Nilirudi dukani mbio. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika tiketi ndipo akili iliponirudia. Mimi Msukuma mzima, nimelelewa na Wasukuma, nilikuwa nimemweka mtu bega kwa bega na mama mkwe wake.

Kwa wale msiotoka kwetu: mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Akimwona njiani anaacha njia. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala mkwe hatamki jina la mama mkwe wake. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, na wazee wa wakati ule hawakuifanyia mzaha.

Masunga mwenyewe alinionyesha. Nilimuuliza, "Jina la mama mkwe wako?"

"Mama Kabula."

"La pasipoti, Masunga. Unalijua?"

"Nalijua."

"Haya, sema."

Akageukia ukutani akaanza kusoma kalenda. Mtu mzima, fundi wa mashine, anaisoma kalenda ya mwaka uliopita. Ikabidi Mama Kabula mwenyewe aitwe kutoka Runzewe, kwa lori la pamba.

Alikuwa mama mfupi, mnene kidogo, mwenye kanga mbili na sauti ya kuita ng'ombe. Nikamwamkia, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma. "Malahaba, mwanangu." Furaha yake ya mapacha ilijaa duka zima. Alikuwa ameleta vibuyu vidogo viwili, kila mjukuu chake. Alipotaja jina lake la pasipoti, Nyanzobe, Masunga alikuwa nje kwenye kibaraza, ameziba masikio.

Kisha nikamweleza safari. Nilipofika kwenye neno pamoja, akasimama.

"Na huyo?" Alionyesha kibaraza kwa kidevu. "Kwenye kiti kimoja?"

"Viti viwili, mayu. Ila vimepakana."

"Siluki naye." Herufi ya r haikupata kukaa kinywani mwake. "Nitaanguka kwa aibu kabla hiyo ndege haijaanguka."

Kutoka kibarazani tukasikia sauti ya Masunga, akiwa bado ametupa mgongo. "Dada Milembe, mwambie mama na mimi sikai. Aende yeye, mimi nitatafuta meli."

"Meli ya kwenda wapi?" Mama Kabula aliniuliza mimi, si yeye. "Mwambie meli ikifika, watoto watakuwa wanafuga ndevu."

Nikawaeleza tena: wakitengana, nusu ya pointi inakufa, anakwenda mmoja, anarudi mtoto mmoja. Mama Kabula akakaa chini sakafuni, akavikumbatia vile vibuyu. Alijua hesabu hiyo kunizidi. Alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, kwamba hawezi kuchagua kati ya Kulwa na Doto, na hawezi kumvunjia heshima aliyemwoa mwanawe vizuri. Nilikwenda stoo nikajifanya natafuta karatasi.

Nikampigia tena Bwana Deusi, sasa kwa aibu, maana yeye ni mtu wa Bukoba na sikujua atatuchekaje. Hakucheka. Alikohoa muda mrefu.

"Milembe, nisomee kanuni ulivyoiandika."

"Wasafiri pamoja, kwenda na kurudi."

"Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi. Kanuni inasema wasafiri pamoja. Haijasema wakae goti kwa goti. Ndege ile ina safu ya viti vitatu. Yule dirishani, huyu kwenye njia. Hiyo ni pamoja."

"Na katikati?"

"Hapo ndipo mtafute mtu. Kikiachwa wazi atapangiwa abiria, na hamjui ni nani."

Nilirudi dukani nikasema mbele ya wote. Bwana Amirali akasema labda tuweke mzigo. Mama Kabula akasema mzigo si mtu, heshima inataka mtu. Wakabishana. Ndipo Bibi Shirin akapiga fimbo yake sakafuni.

"Mimi nina tiketi. Ndugu zangu wa Bombay walinilipia huko huko, niende kwenye harusi mwisho wa mwaka. Nitakwenda na hawa wakati wa mvua, nitangoja harusi nyingine. Watu wanaoana kila siku. Mimi nitakaa katikati, niwe ukuta."

"Mama, nyonga yako," Bwana Amirali akasema.

"Nyonga yangu iliuguzwa na nani? Kaa kimya. Ila nasema mapema, kurudi nashuka Dar kwa binti yangu. Dar mpaka Mwanza, tafuteni ukuta mwingine."

Mama Kabula alimtazama mama huyu wa Kihindi aliyekuwa hajawahi kuzungumza naye. Akainuka, akampa mkono kwa mikono miwili. "Wabeja," akamshukuru. Bibi Shirin hakujua Kisukuma, lakini neno hilo lilikuwa limeshapita masikioni mwake kwa miaka ya dukani. "Wabeja nawe," akajibu, akaharibu matamshi yote.

Niliandika tiketi zile siku chache kabla ya pointi za zamani kufa. Tiketi moja kwa kila mtu, kuanzia Mwanza. Mwezi wa mvua zao. Siku ya katikati ya wiki. Mwenzi kwa nusu. Safu moja, viti vitatu. Kila nilichofundishwa na kila mtu niliyemtaja hapa kilikuwa ndani ya karatasi zile mbili, na nilipomaliza nilizinyanyua juu nikamwonyesha Bwana Amirali kama mtu aliyevua sato mkubwa. Tena pointi hazikuisha. Zilibaki makombo.

"Yanatosha nini?" Bwana Amirali akauliza.

"Dar kuja Mwanza. Mtu mmoja. Kuja tu."

Tukatazamana. Kila kitu nilichowakataza watu miaka yote kilikuwa kwenye safari hiyo: fupi, pana treni, na pointi zake ghali ukilinganisha na umbali. Nacho kiti kimeshajulikana.

"Ukuta," akasema Bwana Amirali, akaanza kucheka. "Milembe, wewe ndiye ukuta."

Walikwenda. Habari za kule nilisimuliwa na Bibi Shirin, nazo naziandika alivyosema, sikuwepo. Anasema ndege ilipoinuka Mama Kabula alijifunika kanga gubigubi mpaka Bombay. Anasema Masunga hakula kabisa kwa kuwa mama mkwe angemwona akitafuna, mpaka yeye Bibi alipofungua mtandio wake ukawa pazia. Kabula alipowaona wote watatu wamesimama kwenye mvua mlangoni mwa bweni, mume huku, mama kule, Mhindi wa Shinyanga katikati na fimbo, alicheka kwanza, kisha akalia. Aliwanyonyesha watoto mara ya mwisho, akawakabidhi, akarudi darasani mchana ule ule. Hakuacha masomo.

Mimi nilipanda treni kwenda Dar kuwapokea. Uwanjani niliwaona wakitoka, Masunga amempakata Doto kama mtu aliyebeba trei ya mayai, Mama Kabula ana Kulwa mgongoni. Bibi Shirin alinikabidhi zamu. "Kazi si ngumu," akasema. "Usisinzie tu, na usijibu mpaka umwulize mwingine."

Kisha ndege ya Mwanza. Nyinyi mmezoea, mimi niliipanda ile ngazi nikihesabu kidato kwa kidato. Mama Kabula dirishani. Masunga kwenye njia. Mimi katikati, mikanda inanibana, sioni mbele wala pembeni. Tukainuka.

Mara mazungumzo yakaanza.

"Milembe, mwambie baba watoto shingo ya Doto imelala vibaya."

Masunga, sentimita chache kutoka hapo: "Dada, mwambie mama nimesikia, nairekebisha."

"Anasema amesikia, mayu."

"Nimemsikia. Mwambie si hivyo, upande wa kulia."

"Mwambie mama ndiyo kulia hii."

"Mwambie hiyo ni kushoto!"

Mhudumu wa ndege, binti mrembo, alisimama akitugeuzia macho mmoja mmoja. "Mama, kwani hawa wamegombana?"

"Hapana, mwanangu. Wanapendana."

Doto akaanza kulia, akitaka harufu ya bibi yake. Masunga akanipa mimi, mimi nimpe mama. Kabla sijampa, Mama Kabula akashikwa na kichefuchefu, akaninyooshea Kulwa. Mhudumu akasema, mtoto mmoja mtu mmoja. Nikamwambia najua, ndiyo kazi yangu. Masunga alikuwa ameinuka kukimbilia choo, kwa kuona haya ya kumwona mkwewe akitapika. Nikabaki na wote wawili mapajani, mmoja kila mkono, mzito kila mmoja, nao wamenyamaza ghafla wananitazama kama wanaouliza huyu ni nani.

Rubani akatangaza kwamba tuko juu ya Singida. Baadaye ndege ikainamia upande mmoja kwa ajili ya kutua, na Mama Kabula, aliyekuwa amejifunika uso muda wote, akachungulia kwa jicho moja.

"Milembe! Ziwa limepinduka!"

"Mayu, Geita iko upande gani? Unaviona vilima?"

"Naona maji tu, na mbingu iko chini. Funika." Akavuta kanga juu ya dirisha.

Sikuona ziwa. Sikuona Kalangalala. Chini, pale Mwanza, Mama Kabula aliteremka kwanza na Kulwa, akatembea hatua chache, kisha akatoka kwenye lami akasimama kwenye majani ili Masunga apite na Doto kwa heshima. Masunga naye, kwa heshima, akasimama kwenye majani ya upande mwingine. Ikawa mimi tu napita katikati ya njia na mkoba wangu, kama mkuu wa mkoa, abiria wote nyuma wanashangaa.

Kabula alirudi mwaka uliofuata na cheti chake, na macho ya wazee wengi wa Shinyanga yamepita mikononi mwake. Kulwa na Doto sasa ni watu wazima wenye kunipigia simu. Wateja wamekuwa wakiniuliza tangu hapo pointi moja ina thamani gani, nami huwapa yale ya Bwana Deusi: kanda, msimu, mwenzi, siku ya kuandika. Ni ya kweli, yashikeni. Lakini niliporudi Shinyanga jioni ile na gauni lenye harufu, nilifungua daftari langu, na baada ya bei ya mchele niliandika hivi: Leo nimeruka. Doto amenikojolea juu ya Singida.